Jibu: Usukani wa kaboni wa bei kubwa kwenye baiskeli ya triathloni

Ndugu, umeuliza kama utoe usukani wako wa alumini uweke wa kaboni uliobapa ili kupunguza upepo. Mimi nasema bado. Karibu robo tatu ya upepo unaokuzuia unaukamata mwili wako, si baiskeli. Anza na viegemeo vya viwiko: toa spesa (kipande kinachoviinua) ya sentimita 1, visogeze ndani kidogo, kisha endesha dakika 40 bila kuinuka. Kiuno kikiuma au shingo ikikaza hadi unajiinua kila mara, rudisha spesa. Mkao wa chini usioweza kuukalia haukusaidii kitu.

Usukani mpya una maana pale ambapo wa sasa haukufikishi kwenye mkao huo. Ila mingi hupitisha nyaya ndani, na waya ukiwa mfupi, gia zinarukaruka kila ukikata kona. Boliti kaza kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), kwa kipimo kilichoandikwa kwenye stemu (kipande kinachoshika usukani), mara nyingi Nm 5 (newton-mita), na upake grisi ya kaboni yenye chembechembe ili usukani usizunguke. Ukizidisha kukaza, kaboni hupasuka kwa ndani, usione kitu mpaka siku inavunjika.