Usiibebe Dodoma kwenda nayo mafungoni

Mwanangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako imefika, na baba yako ameisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, kama ilivyo desturi yake anapotaka nisikie jambo ambalo yeye amekwisha kuliona. Unauliza kama mafungo ya siku tatu kule monasterini kwa mama yako mdogo yatatosha kukupa uamuzi juu ya uhamisho wa Dodoma, na kama nakushauri uombe likizo kwa ajili hiyo kabla ofisi haijataka jibu lako.

Siku tatu zinatosha kwa mtu anayeanza. Siku ya kwanza italiwa na usingizi na kelele za kichwani mwako mwenyewe, ya pili utachoka na kutaka kurudi Mbeya, na ya tatu ndipo utakapoanza kusikia zaburi wanazoziimba. Likizo omba. Lakini nilichokisema tangu ukiwa Kipaimara nakisema tena: mtu haendi mafungoni kuamua, huenda kusali. Akiamua, na hilo ni jema, lakini asiende amekwisha kumwekea Mungu tarehe ya mwisho ya kujibu.

Paroko wetu hakubaliani nami katika hili, na ni haki nikuandikie hoja yake, kwa kuwa ina uzito. Anasema kwamba Mtakatifu Inyasi wa Loyola, ambaye Papa Pius XI alimtangaza mwaka 1922 kuwa msimamizi wa mafungo, aliweka nafasi ya kuchagua hali ya maisha ndani kabisa ya utaratibu wake wa sala na tafakari uitwao Mazoezi ya Kiroho, ambao Papa Paulo III aliuidhinisha mwaka 1548. Ni kweli. Lakini Mazoezi hayo kwa ukamilifu wake huchukua takriban siku 30, yamegawanywa katika majuma manne, na nafasi hiyo ya kuchagua inakuja katika juma la pili, baada ya mtu kutazama dhambi zake kwa muda mrefu na kuanza kumtazama Kristo. Tena Inyasi huyo huyo ameonya kwamba wakati roho iko katika ukiwa, imekauka na haina faraja, mtu asibadili alilokwisha kuliazimia. Wewe una siku tatu, na barua yako, mwanangu, si ya mtu mwenye utulivu. Basi labda mimi na paroko tunasema jambo moja, ingawa yeye hatakubali.

Nakuambia haya kwa sababu nilipata kwenda kule nikiwa na swali mkononi, nikitaka jibu.

Unakumbuka msiba wa babu yako, ingawa ulikuwa mdogo na kilichokukaa zaidi ni ile ng'ombe iliyokatika kamba. Watoto wake wote tulikuwa makaburini isipokuwa mama yako mdogo. Unajua jinsi babu alivyopata taabu binti yake huyo alipoingia monasterini. Babu alikuwa katekista, hakuwa mtu wa kumzuia binti yake asiwe sista, lakini alitamani aingie kwa Wateresina wa Tosamaganga, masista wanaofundisha, wanaouguza wagonjwa na wanaoonekana. Hawa wa ndani, Wakarmeli wasiotoka nje ya monasteri yao, waliofuata njia aliyoianza Mtakatifu Teresa wa Avila mwaka 1562, walimshinda kuwaelewa. Ndipo mama yako mdogo alipomjibu kwa Mtakatifu Theresia wa Mtoto Yesu, aliyeingia Karmeli mwaka 1888 akiwa na miaka 15, hakwenda misheni hata moja mpaka alipofariki mwaka 1897, na bado mwaka 1927 Papa Pius XI alimfanya msimamizi wa misheni pamoja na Mtakatifu Fransisko Ksaveri, aliyesafiri mpaka Japani. Babu alinyamaza. Nadhani alijivunia jibu hilo kuliko alivyokubali.

Basi tulimzika babu bila mama yako mdogo. Barua yake ilisomwa kanisani na ilikuwa nzuri, watu walilia, lakini mimi sikulia. Nilikuwa nahesabu ni nani hayupo. Arobaini ilipopita nikaaga nyumbani kwamba nakwenda mafungoni. Baba yako alijua nakwenda kwenye ugomvi.

Wanatukalisha wageni katika chumba kilichogawanywa na nondo, wao upande wa ndani, sisi upande wa nje. Alikuja amejifunika shela, mwembamba kuliko nilivyomwacha, akanisalimia "Kamwene" kama tulivyosalimiana tukiwa tunatoka kuteka maji. Nilimuuliza palepale, bila utangulizi, kwa nini hakuja. Nilikuwa nimeuliza kwa padre mmoja msomi, akanionyesha Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 667, iliyosema wakati ule kwamba Askofu wa jimbo, kwa sababu nzito na kwa ridhaa ya Mama Mkuu, anaweza kuwaruhusu watawa hawa watoke ndani ya ugo kwa muda unaohitajika kweli. Kwa hiyo mlango ulikuwapo. Nilitaka kujua ni nani aliyeufunga, nimchukie huyo na nimwache ndugu yangu.

Akasema, "Dada, sikuomba."

Hakuongeza neno. Kengele ya Masifu ya Jioni ikalia, akainuka, akaniacha nimekaa na jibu nililolifuata.

Siku zilizobaki nilikaa upande wa wageni katika kanisa lao, nikiwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tangu hapo. Lakini jioni ya mwisho waliimba Masifu ya Marehemu kwa ajili ya babu yako. Sikuwaona, ila sauti unaijua. Sauti ya mtu uliyelala naye kitanda kimoja utotoni haikupotei katikati ya kwaya. Alipoianza Zaburi ya 130 aliianza juu mno, kama babu alivyokuwa akiianza kila mara kigangoni, mpaka wote wakashindwa kumfuata na mmoja wao akalazimika kuishusha. Nilicheka kanisani, mwanangu. Nilicheka mpaka sista wa mlangoni akaja kunitazama kama naumwa.

Je, alifanya vema kutoomba? Kuna siku nasema alifanya vema, kwa kuwa aliyejitoa nusu hajajitoa, na angetoka kwa msiba wa baba angetakiwa atoke kwa harusi ya mpwa. Kuna siku, hasa mwezi wa Novemba tunaposafisha makaburi, nasema kwamba amri ya nne haikumtaja mtawa pembeni, na kwamba babu alistahili udongo wa mkono wake. Nilimuuliza paroko, naye akanipa majibu mawili yanayopingana, yote mazuri. Ninalo la kwangu, lakini nitalikalia, kwa sababu mama yako mdogo yu hai na wewe huwezi kutunza siri.

Ninachotaka ukione ni kwamba jibu nililipewa papo hapo, nalo halikunifaa kitu. Kilichonifaa sikukiomba. Mtu haendi mafungoni kuamua.

Sasa ya safari. Chukua sweta mbili na soksi nzito, kwani mwezi wa Juni huko ukungu hauondoki kabla ya saa nne. Chukua Biblia na kitabu cha Sala ya Kanisa, usichukue vitabu vingine vya kujificha nyuma yake. Simu mwachie sista wa mlangoni bila kusubiri aiombe. Baada ya sala ya mwisho ya usiku hakuna anayezungumza mpaka asubuhi, kwa hiyo usimfuate mtu kumuuliza maji ya moto yako wapi, uliza mapema. Bei hawatakutajia. Acha bahasha yako, na kama unaweza pitia Mafinga uwachukulie maharage, kwa maana wageni ni wengi na shamba lao ni dogo. Ukikutana na mama yako mdogo, msalimie kwa ajili yetu, mpe habari za watoto, na usimtajie Dodoma hata kidogo, kwa sababu atakuambia ukweli katika maneno mawili na utanipigia simu ukilia.

Kuhusu uhamisho wenyewe, baba yako amenikataza kuandika neno, nami nimemwahidi. Nitasema tu kwamba kutoka hapa Iringa hadi Dodoma siku hizi ni lami tupu kupitia Mtera, na kwamba kwa barabara Dodoma iko karibu nasi kuliko Mbeya ulipo sasa, kwa hiyo usitutumie sisi wazee kuwa sababu ya kukataa. Huo si ushauri, ni jiografia.

Mama yako