Mgodi wa makaa chini ya mashamba: ripoti ya mazingira isomwe kuanzia wapi?

SWALI: Mtaalamu, salaam. Kuna kampuni inaomba kibali cha kuchimba makaa ya mawe chini ya mashamba yetu, kina cha mita 180 hivi, kwenye tabaka lenye unene wa mita 2.5. Mimi ni mjumbe wa kamati iliyopewa ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira ili tuitolee maoni. Ina kurasa zaidi ya 600. Muhtasari unasema kwamba kwa kuwa mgodi ni wa chini ya ardhi na mashamba hayatafukuliwa, athari kwa ardhi na kwa chemchemi yetu zitakuwa "ndogo na za muda". Je, ni kweli? Na nianzie wapi kusoma?

JIBU: Muhtasari uweke kando kwanza, ufungue sura inayoeleza mpango wa uchimbaji. Wajumbe wengi hukimbilia sura ya mimea na wanyama, labda kwa sababu ndiyo yenye picha. Lakini kwa mgodi wa namna hii, karibu kila kitakachotokea juu kinategemea jambo moja: makaa yakishatolewa, paa la mwamba litashikiliwa na nini?

Njia kuu ni mbili. Ya kwanza ni kuchimba vyumba na kuacha nguzo za makaa zibebe paa. Ya pili ni ya ukuta mrefu: mashine inakata makaa kwenye uso wenye upana wa mita 150 hadi 400, vishikizo vya chuma vya haidroli vinasogea mbele pamoja nayo, na nyuma yake paa linaachwa liporomoke. Kwa makusudi kabisa. Ikiwa mpango wenu ni huu wa pili, hilo neno "ndogo" litetewe kwa hesabu. Ardhi iliyo juu ya kitalu kipana (kitalu ni kipande cha tabaka kinachochimbwa kwa mkupuo mmoja) kwa kawaida hushuka kati ya nusu na asilimia 90 ya unene uliochimbwa, kutegemea aina ya miamba na uwiano wa upana wa kitalu na kina chake. Kwa tabaka la mita 2.5, hata ukichukua asilimia 60 tu, unapata mita 1.5.

Wala ardhi haishuki juu ya kitalu peke yake. Athari husambaa nje kwa pembe inayopimwa kutoka mstari wima unaopanda juu ya ukingo wa machimbo. Uingereza walizoea kutumia nyuzi 35. New South Wales, Australia, nyuzi 26.5. Kwa kina chenu hiyo ni kama mita 126 au mita 90 nje ya mpaka. Chukua ramani ya vitalu na rula, uchore mstari huo mwenyewe, uone nyumba na visima vipi vinaangukia ndani. Kisha ulinganishe na orodha ya mali zilizokaguliwa.

Kushuka kwenyewe si shida kubwa. Shamba likishuka lote sawasawa, mkulima anaweza asitambue. Kinachoharibu ni tofauti kati ya hapa na pale: ardhi inainama, pembezoni inavutwa na kufunguka nyufa, katikati inabanwa. Mfereji wa umwagiliaji wenye mteremko wa milimita 2 kwa kila mita hauhitaji mabadiliko makubwa ili maji yasimame au yarudi nyuma. Kwa hiyo jedwali linalotaja mita za kushuka bila kutaja mwinamo na mvutano halijakamilika, na mna haki ya kulirudisha.

Ikiwa nguzo zitabaki, ardhi itashuka kidogo sana, ila swali linakuwa la miaka. Nguzo hudhoofika. Katika mgodi wa Coalbrook, Afrika Kusini, Januari 1960, nguzo zilisalimu amri moja baada ya nyingine na wachimbaji zaidi ya 430 wakapoteza maisha. Janga hilo ndilo lililozaa fomula ya nguvu ya nguzo ya Salamon na Munro ya mwaka 1967, na uwiano wa usalama (nguvu ya nguzo ikigawanywa kwa mzigo inaoubeba) wa 1.6 ukazoeleka kwa muda mrefu. Tafuta uwiano huo kwenye ripoti. Tafuta pia kama mwishoni wanakusudia kurudi kuzivuna nguzo zenyewe, kwani wakifanya hivyo mmerudi kwenye paa linaloporomoka.

Sasa maji, ambako ndiko ningetumia nusu ya muda wangu wote.

Paa likiporomoka, juu ya kifusi hutokea kanda ya nyufa zilizoungana, na maji yaliyomo humo hushukia mgodini. Juu ya kanda hiyo miamba hupinda tu bila nyufa kuungana, na hiyo ndiyo kinga yenu. Je, kanda ya nyufa itafika kwenye mwamba unaolisha chemchemi? Fomula za kukadiria kimo chake zipo kadhaa na hutoa majibu yanayopishana sana. Ripoti iliyotumia moja tu, tena ile yenye jibu dogo, haijatathmini, imechagua. Dai matokeo ya fomula zote yawekwe bega kwa bega. Na kina kirefu kisiwape usingizi: kwenye kijito cha Waratah Rivulet, New South Wales, mwamba wa kitanda cha kijito ulipasuka ingawa machimbo yalikuwa mamia ya mita chini, na maji yakazama kwenye nyufa.

Halafu angalia wamepima nini kabla ya kutabiri. Modeli ya kompyuta inayoonyesha maji yatakavyoshuka haina thamani kuzidi vipimo ilivyolishwa. Nataka kuona visima vya uchunguzi vyenye vipimo vya shinikizo la maji katika vina tofauti, si kina kimoja, na kumbukumbu za miaka miwili angalau, ili misimu ya mvua na ya kiangazi yote imo. Mtiririko wa chemchemi yenyewe umepimwa mara ngapi? Ukikuta ilipimwa mara moja, tena baada ya mvua, umepata hoja yenu ya kwanza. Mtafaidika pia kupendekeza kikomo cha namba. Sera ya New South Wales ya mwaka 2012 inataja mita 2 za kushuka kwa maji kwenye kisima cha mtumiaji. Tarakimu kama hiyo hujadilika, "ndogo" haijadiliki.

Kuhusu "za muda": mgodi ukifungwa, pampu huzimwa na maji hupanda yakijaza mashimo, kazi inayoweza kuchukua makumi ya miaka. Yakiwa njiani hukutana na pairiti, madini ya chuma na salfa yaliyokwisha kuguswa na hewa. Kila asilimia 1 ya salfa ya pairiti ndani ya tani moja ya mwamba inaweza kuzaa takriban kilo 31 za asidi ya salfuriki. Basi fungua kiambatisho cha maabara: sampuli zimetoka kwenye paa, sakafu na mawe taka, au kwenye makaa tu? Wastani hauna maana hapa, kwa sababu ukanda mmoja mwembamba wenye salfa nyingi unatosha kuchafua kijito kikawa rangi ya kutu. Uingereza hadi leo inaendesha makumi ya mitambo ya kusafisha maji ya migodi iliyofungwa miongo iliyopita. Ulizeni maji yatatokea wapi yakishapanda, nani atayasafisha, na fedha za dhamana zimewekwa wapi.

Hewa nitaipitia upesi. Methani hulipuka ikifika asilimia 5 hadi 15 ya hewa, hivyo feni huitoa nje, na kwa kipindi cha miaka 100 ina nguvu ya kuongeza joto mara 28 hivi ya hewa ukaa. Ripoti iseme kiasi cha gesi kwa tani ya makaa, kilichopimwa kwenye sampuli za hapo. Kuhusu moshi wa makaa yenyewe yakishauzwa na kuchomwa, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua Juni 2024, katika shauri la Finch la visima vya mafuta, kwamba nao lazima utathminiwe. Miezi mitatu baadaye kibali cha mgodi wa makaa wa chini ya ardhi wa Whitehaven, hukohuko Uingereza, kikafutwa. Sheria ni ya kwao, hoja mnaweza kuiazima.

Mkiandika maoni, msiseme "tuna wasiwasi na maji". Kampuni itajibu kwamba itafuatilia na kuchukua hatua, ingawa mwamba ukishapasuka hakuna feni wala pampu ya kuurudisha. Andikeni hivi: ukingo wa kitalu kilicho karibu zaidi uko mita ngapi kutoka kwenye chemchemi, na kuurudisha nyuma mita 200 kutawagharimu tani ngapi za makaa? Jibu la sehemu ya pili lijengwe kwa hesabu yao wenyewe, na liambatanishwe na ramani.