Mnaorudi likizo Kigoma na falsafa kichwani

Juzijuzi kwenye msiba Gungu nimemwona mmoja wenu, frateri (mseminari anayesomea upadre) wa mwaka wa pili, kanzu imepigwa pasi hadi inakata, anamweleza mfiwa kwamba kifo kwa Plato ni roho kutengana na mwili. Mfiwa mwenyewe alikuwa anatafuta chumvi ya maharage ya watu mia. Nilitazama chini. Kanzu ile niliwahi kuivaa, na upuuzi ule niliwahi kuusema, tena mbaya zaidi. Basi wadogo zangu, mafrateri na ninyi wa chuo mnaosubiri boom ya mkopo, kaeni hapa kidogo.

1. "Inategemea unamaanisha nini" iacheni darasani. Nilimjibu hivyo mama mmoja wa Kibirizi aliponiuliza kama nataka dagaa wazuri. Alifunika beseni lake akamgeukia mteja mwingine. Leo nauza dagaa mwenyewe, na mteja akianza kunihoji maana ya uzuri wakati jua linapanda, namwelewa yule mama kabisa.

2. Silojisimu, zile hoja za "kama hili ni kweli na lile ni kweli, basi na hili", ni za kusomea mikataba. Usimpigie nazo mama yako kuhusu nani aoshe vyombo. Utashinda hoja na vyombo utaosha.

3. Msidhani mtaani hakuna falsafa. Mnalijua lile fumbo la Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa kale: meli ya shujaa Theseus, Waathene wakaibadilisha ubao mmoja mmoja, je, ni ileile? Nililipeleka kijiwe cha kahawa Ujiji kwa majivuno, nikaona niwarahisishie kwa Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika. Imeundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa hapa hapa Kigoma, ikaingia majini 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha. Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927 na jina jipya, na miaka ya 1970 injini za mvuke zikatolewa ikafungwa dizeli. "Sasa wazee wangu, ni ileile?" Mzee mmoja akaweka kikombe chini. "Mjukuu wangu, wewe uliondoka hapa huna hata ndevu. Uliporudi, mama yako alikukagua mbao kabla ya kukufungulia mlango?" Wote wakacheka, mimi nikabaki nimeshika kashata. Miaka mitatu ya metafizikia, somo la kuuliza kitu ni nini hasa, na hilo jibu sikuwahi kulisikia darasani.

4. Msibani, nyamaza. Hapa nitakawia, mnisamehe.

Nilikuwa nimemaliza mwaka wa pili. Mtoto wa shangazi yangu alikuwa mvuvi wa usiku, chombo chao kikapigwa na upepo, mwili ukapatikana siku ya tatu. Mnajua frateri anavyofanywa kwenye misiba yetu: unapewa kiti cha mbele, na watu wanasubiri neno. Padre alikuwa amechelewa. Baba mkubwa akaniinamia, "Baba frateri, wape wenzako maneno mawili ya faraja."

Nami muhula ule nilikuwa nimelewa Epictetus, mwanafalsafa wa Wastoa, wale wanaofundisha mtu asitikiswe na yasiyo mikononi mwake. Aliyekuwa mtumwa, kilema, akafundisha wakubwa wa Roma, nani asingelewa? Nikasimama katikati ya uwanja, wanawake wako ndani kwenye mikeka, mlango wazi, nikawafasiria ile sehemu ya tatu ya kitabu chake kidogo: ukipenda chungu, jiambie unapenda chungu, ili kikivunjika usifadhaike, ukimbusu mwanao, jiambie unambusu binadamu mwenye kufa, ili akifa usifadhaike. Nilitamka vizuri. Nilinyanyua hata kidole.

Kilio kikakatika. Nikadhani nimewagusa.

Shangazi akatoka hadi kizingitini, khanga imeanguka begani, akaniuliza taratibu kabisa, bila ukali: "Baba, huyo mtu alikuwa na mtoto?"

Sikujua. Nawaambia ukweli, nilikuwa nimepata A kwenye karatasi ya Wastoa na sikujua. Nilisimama pale kama nguzo ya umeme mpaka baba mkubwa aliponishika kiwiko. "Njoo tupasue kuni." Nikavua kanzu, nikapasua kuni mpaka magharibi. Hakuna aliyenigombeza, na hilo ndilo lililonimaliza. Shangazi alinipakulia chakula kama wengine.

Miaka ilipita, nimeshatoka seminari, niko kwenye treni imekwama kati ya Kaliua na Urambo, nikakitoa kitabu kilekile. Sehemu ya kumi na sita, kurasa chache tu mbele ya ile niliyoihubiri: ukimkuta mtu analia kwa sababu ya mwanawe, usisite kumfariji kwa maneno, na ikibidi lia naye, ila angalia usilie kwa ndani. Niliishia sehemu ya tatu kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye handauti! Hilo sharti la mwisho, la kutolia kwa ndani, mimi silikubali hadi leo, lakini angalau mzee alijua kukaa na mfiwa. Na ile ya chungu alikuwa akimwambia mwanafunzi ajiambie mwenyewe, nyumbani kwake, kabla ya msiba. Kuhusu mtoto: inasimuliwa kwamba hakuoa ujanani, na uzeeni alimchukua mtoto wa rafiki aliyekuwa karibu kutupwa, akamlea. Nilimpelekea shangazi jibu hilo. Akasema, "Basi baadaye alijua," akaendelea kuchambua mchele.

5. Thales, mwanafalsafa wa Kigiriki wa kale, mnamjua kwa kutumbukia kisimani akitazama nyota. Aristotle anasimulia pia kwamba alikodi mashine za kukamulia zeituni mapema, bei ikiwa chini, akapiga hela msimu ulipofika. Nilimwiga: nikanunua dagaa wakati wa giza, wavuvi wakipata wengi, niwauze kwenye mbalamwezi vyombo visipotoka. Wakapigwa na ukungu stoo, masika ile. Aristotle hakuandika chochote kuhusu turubai.

6. Soma kitabu mpaka mwisho kabla hujakihubiri. Lala mapema. Salimia kwanza.

7. Yule frateri wa juzi kama anasoma hapa, sina kinyongo. Arobaini ni Jumamosi, pale pale Gungu, na kuni bado ni magogo. Mwenye shoka aje nalo, mimi nitakuwepo kuanzia saa moja.