Muulize Shangazi: Magauni ya malkia wa Urusi

Shikamoo shangazi. Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo, Dodoma. Juzi kaja mteja wa sendofu na picha kwenye simu, malkia wa Urusi kavaa gauni la kung'aa limetanuka huku na huku kama kaficha madebe mawili kiunoni, limedariziwa ndege wenye vichwa viwili, alafu begani ana utepe wa bluu. Anataka hilohilo na zimebaki siku 12. Huyu ni nani na hilo gauni linasimamaje?
Fundi, Majengo

Marahaba fundi wangu, pole na mteja. Kwa hao ndege unaowasema huyo ni Catherine wa Pili, na gauni ni lile alilovaa siku anatawazwa kule Moscow mwaka 1762, na uzuri ni kwamba bado lipo mpaka leo limetunzwa ndani ya Kremlin, ile ngome ya Moscow. Ile ni hariri iliyofumwa na nyuzi za fedha, na ndege ni tai wa nembo ya ufalme wa Urusi, sio mapambo tu.

Kusimama sasa. Chini yake kuna fremu inafungwa kiunoni, wao walitumia matete au yale mabamba magumu yanayotoka mdomoni mwa nyangumi, inatanua pembeni tu, mbele na nyuma inabaki bapa. Ndo maana shumizi ya waya uliyozoea ya bibi harusi haitakupa ile shepu, ile ni duara, wewe ibane mbele na nyuma mpaka iwe kama yai. Ila mwambie mteja mapema kwamba milangoni atapita ubavu na bajaji asahau kabisa.

Huo utepe sio urembo, ni nishani. Bluu ni ya Mtakatifu Andrea, ndiyo ya juu kuliko zote, na nyekundu ni ya Mtakatifu Katarina, aliianzisha mfalme Peter Mkuu 1714 kwa ajili ya mke wake. Ukizijua hizo mbili nusu ya picha za malkia wa Urusi unazisoma bila kuuliza mtu. Na kama kwenye picha kuna joho lina manyoya meupe yenye vidoa vyeusi usije ukaanza kuchora vidoa kwenye kitambaa, kila kidoa ni ncha ya mkia wa mnyama mdogo jamii ya kicheche, na kwa joto la Dodoma hilo joho muache nalo tu hukohuko. Taji je? La kwake lilikuwa na almasi 4,936 na uzito karibu kilo mbili, kwahiyo la plastiki la sokoni litamtosha na shingo itasalimika.

Shangazi za saa hizi. Nimesoma sehemu eti kuna malkia wa Urusi alikufa akaacha magauni 15,000. Si uongo huo? Tulibishana hosteli mpaka saa saba usiku.
Mwanachuo, Dodoma

Salama mwanangu, ila mngelala. Huyo ni Elizabeth, binti wa Peter Mkuu, alikaa kwenye kiti kuanzia 1741 kwa miaka 20. Hiyo hesabu waliiandika watu wa wakati wake, sasa piga hesabu mwenyewe, miaka 20 ni siku kama 7,300, kwahiyo ni magauni mawili kwa siku, na huyu mama usiku mmoja wa dansi alikuwa anabadilisha mara kadhaa akishatoka jasho, tena inasimuliwa moto wa Moscow wa 1753 uliondoka na magauni yake 4,000 hivi. Mimi binafsi naipunguza kidogo kichwani ila uongo mtupu siuiti.

Kilichonishinda mimi kwa Elizabeth ni wivu. Wafanyabiashara wakishusha vitambaa vipya lazima aone yeye kwanza. Na kuna msimu wa baridi poda iligoma kutoka kwenye nywele zake, akazipaka rangi nyeusi, nayo ikamharibia, mwisho akanyoa kipara, alafu akaamuru wanawake wote wa ikulu nao wanyoe! Wakapewa mawigi meusi ambayo hata kuchanwa vizuri hayajachanwa, wakayavaa mpaka nywele zikaota. Haya kayaandika Catherine wa Pili mwenyewe, maana wakati huo alikuwa mke wa mpwa wake Elizabeth anaishi humohumo ikulu. Bado kulikuwa na dansi ambazo wanaume wanavaa magauni na wanawake suruali, kisa Elizabeth alijijua ana miguu mizuri.

Shangazi shikamoo, mbona kuna picha Catherine kazeeka kavaa koti na kofia kama bibi anaenda kukagua shamba la alizeti? Hela ziliisha?
Msomaji wa Kongwa

Marahaba. Hela zilikuwepo tele. Hiyo kaichora Borovikovsky mwaka 1794, bibi ana miaka kama 65, yupo bustani ya kasri lake la Tsarskoye Selo na fimbo yake na kambwa kake, na kwangu mimi ndo picha yake bora kuliko zote za mataji. Huyu mama alijua nguo inasema nini. Siku anampindua mumewe 1762 alivaa sare ya kijeshi ya kiume akapanda farasi, na baadaye akawa anashonesha magauni ya kike kwa rangi za sare za vikosi vyake, akikutana na kikosi anavaa rangi yao. Tena alizaliwa Stettin kwa Wajerumani, Urusi alikuja kuolewa tu, ila ikulu akaanza kuvaa magauni ya mtindo wa Kirusi yenye mikono mirefu inayoning'inia.

Shangazi, Maria Feodorovna aliishi miaka mingapi? Picha nyingine ana minywele ya poda, nyingine yupo na miwani ya kisasa kabisa!
Msomaji wa Manyoni

Hao ni wawili mwanangu. Mmoja mke wa Paul, mtoto wa Catherine, alitoka Württemberg. Mwingine ni Dagmar wa Denmark, aliolewa na Alexander wa Tatu 1866 na nguo zake alikuwa anaagiza kwa fundi Worth kule Paris, kafariki 1928. Wote walipewa jina hilo walipoingia kanisa la Kiorthodoksi. Picha ikiwa ya kamera basi huyo ni Dagmar.