Doa linalong'aa kwenye PET si lazima liwe saratani

Je, doa linalong'aa kwenye PET, yaani picha ya mwili inayopigwa baada ya kuchomwa dawa yenye mionzi, lazima liwe saratani? Hapana, doa kung'aa peke yake hakuthibitishi saratani. Dawa inayochomwa mara nyingi ni FDG, yaani glukosi iliyounganishwa na florini-18. Seli inayotumia sukari nyingi huivuta ndani, kisha kimeng'enya huibandika fosfeti. Sukari ya kawaida ingeendelea kuvunjwa, hii haiwezi, kwa hiyo inanasa humo humo ikitoa mionzi. Saratani nyingi hula sukari kwa fujo, ndiyo maana zinaonekana. Ila seli za kinga zinazopambana na TB nazo hula vivyo hivyo, na kwetu Afrika Mashariki TB si jambo la mbali: tezi za kifuani zenye TB zinaweza kung'aa sawa kabisa na limfoma, yaani saratani ya tezi za limfu. Ndiyo sababu daktari anaomba kinyama kidogo kutoka kwenye doa hilo kipimwe kabla ya kuanza matibabu. Tafadhali msikate tamaa kwa picha tu.

Ubongo hung'aa kwa kila mtu, na kibofu pia, kwa kuwa dawa hutoka na mkojo.

Upande wa pili, saratani nyingi za tezi dume hazivuti FDG vizuri. Kwa hizo kuna dawa zinazoshika PSMA, protini iliyo juu ya seli zake. Marekani iliidhinisha ya kwanza, yenye gali-68, Desemba 2020. Hata hiyo hung'arisha figo na tezi za mate, kwa hiyo picha lazima isomwe na mtaalamu.