Kabla hujamfungia mtoto barua pepe, tafuta anwani yake ilivujia wapi

Mleta mada, umesema binti yako wa miaka 10 anaingiziwa barua pepe za kamari na za mambo ya kikubwa, ukauliza umfungie akaunti au uwe unamsomea kimya kimya. Mimi nilifanya yote mawili, na yote mawili yalinitokea puani.

Wangu alikuwa na miaka 11. Siku moja nikaona kamera ya tableti yake imebandikwa plasta, ile ya vidonda. Nikamuuliza, akajibu, "Urembo tu, baba." Siku ya tatu usiku akaja analia, akanionyesha barua ambayo kichwa chake kilikuwa nywila yake mwenyewe, herufi kwa herufi: jina la paka wetu, limerudiwa mara mbili. Ndani mtu anadai amemrekodi kwa kamera, na asipolipwa bitcoin ndani ya saa 48 atasambaza video kwa kila anayemfahamu.

Video hakuna. Barua za aina hiyo hutumwa kwa maelfu kwa mpigo, na mtumaji hajui anayemtisha ni mtoto au babu yake. Nywila huokota kwenye orodha zilizoibwa. Niliingiza anwani ya mwanangu kwenye Have I Been Pwned, tovuti ya bure ya kuangalia kama anwani yako imo kwenye taarifa zilizovuja, aliyoianzisha mtaalamu wa usalama wa mtandao Troy Hunt mwaka 2013, na jibu likaja hapo hapo: tovuti moja ya michezo aliyojisajili ilidukuliwa. Nywila ya huko ndiyo aliyokuwa akiitumia kila mahali.

Kilichoniuma zaidi ni zile siku tatu alizokaa na hofu peke yake. Mwezi mmoja nyuma alikuwa amenionyesha tangazo la kamari lililomwingilia, nami nikampokonya tableti wiki nzima. Akajua kwamba ukimwonyesha baba, anayeadhibiwa ni wewe.

Kumsomea kwa siri nako nilijaribu. Nikasahau kwamba barua ambayo haijafunguliwa huonekana kwa herufi nzito, ukiifungua uzito unatoka. Kesho yake tu alishajua. Hakulalamika. Alikwenda kufungua anwani nyingine kwenye simu ya rafiki yake, na hiyo nilikuja kuijua baada ya miezi.

Sasa makosa yangu mengine, maana ndiko taka, yaani barua pepe zisizotakiwa, zilikotokea. Akaunti yake niliifungua mimi, na ili nisisumbuliwe na masharti ya umri nikaandika amezaliwa 1990. Mpaka wa miaka 13 unaouona kwenye huduma nyingi umetokana na sheria ya Marekani ya 1998, COPPA, inayotaka kampuni ipate ridhaa ya mzazi kabla ya kukusanya taarifa za mtoto aliye chini ya umri huo. Ukidanganya mwaka, umeuondoa ulinzi huo kwa mkono wako, na mtoto anahesabiwa mtu mzima kwenye matangazo na kila kitu. Siku hizi Google wana Family Link, unamfungulia akaunti ya mtoto kwa umri wake halisi. Haikuwezeshi kusoma barua zake, na kwangu hilo ni sawa kabisa.

La pili, nilikuwa nikiona taka nabonyeza "Jiondoe" kwenye kila barua, nikijiona mjanja. Zikaongezeka. Kiungo kile mara nyingi kina alama ya anwani yako peke yako, kwa hiyo ukikibonyeza kwenye barua ya tapeli umemthibitishia kwamba kuna mtu hai anayesoma. Kujiondoa ni kwa jarida au duka unalokumbuka kujisajili. Nyingine zote bonyeza ripoti ya taka, basi. Tena zima picha zisijifungue zenyewe, maana picha ndogo isiyoonekana kwa macho inaweza kumpelekea mtumaji habari kwamba barua imefunguliwa.

Anwani mpya tuliitunga pamoja. Ya zamani ilikuwa jina lake kamili na mwaka wake halisi wa kuzaliwa, yaani aliyeiona tu anajua ni mtoto wa umri gani. Hii haina jina wala mwaka, na hutumika kwa ndugu, walimu na marafiki. Michezo inasajiliwa kwa anwani yangu ya ziada. Kisha nikaweka kichujio: barua isiyotoka kwa watu tuliowaorodhesha inaruka kikasha na kwenda kwenye lebo tuliyoiita "Wageni". Kero zipo. Mwalimu akibadilisha anwani, kazi ya nyumbani inalala huko siku mbili.

Wageni tunawafungulia Jumamosi, yeye ndiye hakimu. Anagusa jina la mtumaji aone anwani yenyewe, kwa sababu jina mtu hujiandikia apendavyo. Wiki iliyopita alikamata moja ambayo mimi nilikuwa nimeipitisha: palipotakiwa "m" waliandika "r" na "n" zikabanana. Alinicheka mpaka chakula cha jioni. Nywila ninayo, anajua ninayo, na tumekubaliana sifungui bila yeye kuwepo.

Tahadhari moja: yote haya ni ya taka zinazotumwa kwa kila mtu. Akitokea mtu anayemwita mtoto kwa jina, anamwomba picha au kumwambia asiwaambie wazazi, hiyo si taka. Asijibu, msifute kitu, hifadhini kila ujumbe na muupeleke polisi.

Na hiyo akaunti ya zamani usiifunge leo. Ukiifunga, hutaweza kubadilisha nywila kule alikojisajili nayo, na huko bado jina lake lipo. Tafuta humo ndani maneno kama "karibu" na "thibitisha", kwa lugha zote anazotumia. Mimi niliibua tovuti 11, tatu kati yake hata yeye hazikumbuki. Nilizifunga moja baada ya nyingine, kisha ndipo nikaizika akaunti.