Maswali ya Wasomaji: Wetisuti ya Gikomba Itanifaa?

SWALI: Kwako mshauri wa michezo. Mimi huogelea bwawani hapa Nairobi, na sasa nimejiandikisha kwa triathloni (mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia) itakayofanyika Cape Town, ambako tutaogelea mita 1,500 baharini. Nimepata wetisuti, yaani vazi la mpira la kuogelea kwenye maji baridi, ya mitumba katika soko la Gikomba, nzito, yenye zipu kifuani, lakini inanibana. Rafiki yangu ananishauri nitafute iliyo kubwa zaidi ili nipumue vizuri, kisha nijipake Vaseline iweze kuteleza mwilini. Je, nimsikilize? – Msomaji, South B.

JIBU: Ndugu msomaji, mshukuru rafiki yako lakini usimfuate. Kwa jinsi unavyoieleza, suti hiyo yaelekea ilishonwa kwa ajili ya kupiga mbizi. Suti ya triathloni ina uso laini unaopita majini bila kukwama. Mabegani huwa nyembamba, mara nyingi milimita 1.5 au 2, ili mkono uzunguke bila kuchoka upesi, na sehemu za mapaja na nyonga huwa nene ili kuinua miguu, jambo litakalokusaidia sana ikiwa miguu yako huzama, kama ilivyo kwa wengi wetu tuliojifunza kuogelea ukubwani. Kanuni za mchezo haziruhusu unene unaozidi milimita 5, na baadhi ya suti za mbizi huvuka kiwango hicho.

Suala la ukubwa ndilo linalowaponza wengi. Maji kidogo huingia ndani ya suti na kupashwa joto na mwili, na mpira wa neopreni, uliojaa viputo vidogo vya gesi, huzuia joto hilo lisipotee. Suti ikiwa pana, maji baridi huingia shingoni kila unapovuta mkono, nawe utaogelea umebeba debe. Kwa hiyo ikiwa kavu ni lazima ikubane kuliko unavyopenda, pasiwe na mfuko wa hewa kiunoni wala makwapani. Lakini kabla ya kusema kwamba ni ndogo, tazama katikati ya mapaja: ukiona nafasi hapo, suti haijapandishwa vya kutosha, na ndiyo maana inakukaba kifuani na mabegani. Rudi kwenye vifundo vya miguu, uivute kidogo kidogo kwenda juu, kisha fanya vivyo hivyo mikononi. Ukiweza kuinua mikono yote miwili na kuvuta pumzi ndefu, imekukaa.

Tumia nyama ya vidole, si kucha, kwa maana kucha hupasua neopreni kwa urahisi wa kushangaza. Wanamichezo wa nchi nyingine huvaa mfuko wa plastiki mguuni ili suti iteleze. Kwa kuwa mifuko hiyo ilipigwa marufuku hapa Kenya mwaka 2017, soksi nyepesi itakutosha. Vaseline iache nyumbani, kwa sababu mafuta ya petroli huharibu mpira na gundi ya mishono. Nunua mafuta yaliyotengenezwa kwa ajili ya suti hizi, ujipake shingoni, mahali panapochubuka kwanza.

Usiivae mara ya kwanza siku ya mashindano. Mwezi Julai, maji ya mabwawa yasiyopashwa moto hapa Nairobi huwa baridi kiasi cha kukuruhusu ujaribu mizunguko michache, pamoja na kuivua ukiwa umelowa na mapigo ya moyo yako juu. Baadaye isuuze kwa maji safi ili kuondoa klorini, uianike kivulini.

SWALI: Nitashiriki triathloni huko Pwani. Je, na mimi ninunue wetisuti? – Mama Wawili, Lang'ata.

JIBU: Hapana, mama. Bahari ya Hindi kwenye pwani yetu huwa na nyuzi 25 au zaidi kwa sehemu kubwa ya mwaka. Katika mashindano ya triathloni ya Ironman, kwa mfano, maji yakipita nyuzi 24.5 mshiriki wa kawaida anayevaa suti hawezi kuwania tuzo, na yakizidi sana suti hukatazwa kabisa, kwa sababu mwili unaofanya kazi ngumu ndani ya mpira unaweza kupata joto la hatari. Nunua vazi jembamba la triathloni na miwani isiyovuja, na fedha itakayobaki umlipe kocha akufundishe kuogelea baharini kwenye mawimbi.